Gari ya zamani haiuliwi na uzee

Maneno ya kikundi cha usafiri mbele ya mkutano mkuu wa wanachama



Katika mkutano uliopita ndugu wengine walisimama wakasema: hii Hiace imezeeka, inakula sanduku la shirika, tuiuze. Hatukuja kugombana nao. Pesa ya sanduku ni ya kuzika, ya matibabu, na ya kumkopesha mama anayeanza biashara ya mawese. Kila franka inayoingia garaji imetoka huko. Lakini tukiuza gari leo, kesho mama mwenye uchungu tutampandisha wapi usiku? Juu ya pikipiki. Na mgonjwa wa kupeleka Uvira au Bukavu tutamtafutia nafasi kwa nani, na kwa bei gani?

Tumekaa na karatasi zote za garaji, moja moja. Tulichoona ni hiki: pesa nyingi haikutoka sababu gari ni ya zamani. Ilitoka kwa vitu vidogo ambavyo hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kuviangalia. Na hivyo vidogo, wanachama wenyewe wanaweza kuviangalia kwa mikono yao. Ndiyo tunataka kuonyesha leo.

Tuanze na majina. Sisi tuliorudi kwa meli kutoka Kigoma tulijifunza gari Tanzania. Tunasema boneti, rejeta, breki, mkanda, jeki, spea. Wenzetu waliobaki huku wanasema kapo, radiatere, freni, kuruwa, kriki, piesi. Kijana akitumwa dukani akaomba rejeta, muuzaji anamwangalia, anaona mgeni, na bei inapanda. Kwa hiyo mambo matatu. Kwanza, tujifunze majina yote mawili. Pili, tupeleke piesi ya zamani mkononi, hata kama imevunjika. Tatu, tujue aina ya motere. Ya kwetu ni 3L, lita 2.8, ya mazutu. Kuna ndugu yake, 2L, lita 2.4, na kwa macho zinafanana. Lakini pistoni za 3L ni pana zaidi, milimita 96 kwa 92, na joini ya kilasi ya moja haifai kwa nyingine. Ukinunua bila kujua, umetupa pesa.

Sasa maji. Gari yetu ilikuwa inachemka kila ikipanda mlima. Garaji moja, hatulitaji, likasema radiatere imekufa, leteni nyingine. Kijana mmoja wa hapa akatoa kifuniko cha radiatere, akaangalia mpira wake: ulikuwa umepasuka. Tulinunua kifuniko tu, na gari ikaacha kuchemka.

Kwa nini kifuniko kidogo kina nguvu hivyo? Sababu kinafunga mvuke ndani. Maji yakibanwa, yanakawia kuchemka: yanaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Yakiwa wazi, yanachemka chini ya 100, na ukipanda juu yanachemka mapema zaidi. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na pale maji ya wazi yanachemka karibu digrii 95. Gari yenye kifuniko kibovu inapanda mlima kama sufuria isiyo na mfuniko.

Kila asubuhi, motere ikiwa baridi, fungua, angalia maji yamefika juu. Motere ikiwa ya moto, hapana kufungua. Hata kama una haraka, hata kama mgonjwa yuko ndani. Maji yatakurukia usoni na utakuwa mgonjwa wa pili. Simamisha gari, zima, ngoja mpaka unaweza kushika mpira wa juu wa radiatere bila kuungua.

Na tusichote maji ya ziwa. Wote mnajua maji ya Tanganyika yana chumvi kidogo. Yakikauka ndani ya radiatere yanaacha ukoko, sawa na ule wa ndani ya birika, na njia zinaziba. Dawa ya radiatere ya dukani ndiyo nzuri kabisa. Ikikosa pesa, maji ya mvua yaliyochujwa na kitambaa.

Neno lingine juu ya maji: mekanisiye wengine, gari ikichemka, wanatoa termostati na kuitupa. Wanasema nchi yetu ni ya joto, haina kazi. Si kweli. Termostati inafanya motere ipate joto lake haraka na kulishika. Motere inayotembea baridi inakula mazutu mengi na inajisaga. Kama termostati imekufa, tununue nyingine. Haina bei kubwa.

Tuje kwa mafuta ya motere. Asubuhi, gari ikiwa mahali pa sawa, vuta kijiti, pangusa, rudisha, vuta tena. Mafuta yawe katikati ya alama mbili. Yakipita juu ni mabaya sawa na yakipungua. Motere ya mazutu inafanya mafuta kuwa meusi siku chache tu nyuma ya vidanje, kwa hiyo weusi peke yake usiwatishe. Kitu cha kuogopa ni rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ni maji yameingia. Hapana kuwasha tena. Ita fundi.

Vidanje tunaweza kufanya wenyewe, kila kilometa 5000. Motere iwe ya vuguvugu ili mafuta yatoke vizuri. Weka beseni chini, fungua bulo, ngoja mpaka yaishe kudondoka. Filtre mpya paka mafuta kwenye mpira wake, kaza kwa mkono tu, usikaze kwa ufunguo. Rudisha bulo na shaba yake, jaza, washa dakika moja, angalia chini kama hakuna kinachovuja. Halafu zima, ngoja kidogo, pima tena kwa kijiti. Mafuta machafu tusiyamwage mtoni wala ziwani, tunakunywa maji hayo hayo. Tuyaweke ndani ya bidoni. Maseremala wanayapaka kwenye miti ya nyumba ili mchwa usile.

Mazutu yenyewe. Wengi tunanunua kwa Kadafi, kwenye chupa na bidoni kando ya barabara, sababu kituo kiko mbali. Hatuwezi kuacha. Lakini mazutu ya bidoni mara nyingi yana maji na uchafu, na maji yakifika kwenye pompe ya kusukuma mazutu, yanaikula. Pompe hiyo ni moja ya piesi za bei kali kabisa kwenye gari ya mazutu. Basi: bidoni ilale usiku mzima bila kutikiswa, mimina kupitia kitambaa safi, na kidogo kinachobaki chini usikitie. Halafu kila wiki, chini ya filtre ya mazutu kuna kibulo cha plastiki. Kifungue, acha maji yatoke mpaka uone mazutu matupu, funga, kisha pampu kwa mkono pale juu ya filtre mpaka iwe ngumu. Ni kazi ya dakika kumi. Na kukiwaka taa ya filtre kwenye tabulo, usingoje wiki iishe.

Kitu cha kuvunja motere mara moja ni kuruwa ya distribisio, ile wengine tunaita mkanda wa taimingi. Imefichwa mbele ya motere, huioni. Toyota wanasema ibadilishwe kila kilometa 100,000, na kuna taa ya T-BELT kwenye tabulo inayowaka ikifika. Lakini gari zetu zinafika huku zimeshatumika, na hesabu ya kilometa mtu anaweza kuwa ameirudisha nyuma. Taa nayo inaweza kuwa imezimwa. Kuruwa ikikatika, pistoni zinagonga valve, na hapo ndipo utasikia habari ya kununua motere nzima. Kuibadilisha ni kazi ya mekanisiye, si yetu. Kazi yetu ni kuandika tarehe na kilometa siku ilipobadilishwa, na kutokukubali neno la "bado ni nzuri" kutoka kwa mtu ambaye hakuifungua.

Sasa freni, wamama na wababa, na hapa tunaomba masikio yenu yote. Mnajua mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola. Mnajua magari yaliyobaki kule chini. Kuna mashofere wanaotoa vitesi, au hata kuzima motere kwenye mteremko, wakisema wanaokoa mazutu. Hawaokoi kitu. Gari ikiwa ndani ya vitesi na mguu umetoka kwenye gazi, pompe inakata mazutu yenyewe. Na motere ikizimwa, ile pampu ya hewa inayosaidia freni inasimama. Utakanyaga mara mbili tatu, halafu mguu unakuta jiwe. Teremka na vitesi vidogo, acha motere ishike gari, freni ipumzike.

Kila asubuhi angalia chupa ya mafuta ya freni. Yakipungua, kuna sababu: ama garnitire zimeisha, ama kuna mahali panavuja. Kujaza tu bila kutafuta sababu ni kujidanganya. Ongeza mafuta ya freni ya kweli, yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4. Kamwe hapana mafuta ya motere, wala maji ya sabuni. Mafuta ya motere yanavimbisha mipira yote ya freni, na maji yanachemka kwenye joto la mteremko, kanyagio linakwenda mpaka chini. Hata mafuta mazuri yanavuta unyevu wa hewa polepole. Baada ya miaka miwili yabadilishwe. Sisi tunaangalia, lakini kufungua freni na usukani tunamwachia mekanisiye. Hapo si mahali pa kujifunzia.

Pine: wauzaji wanapaka dawa nyeusi, pine ya mtumba inang'aa kama mpya. Tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ikiandikwa 2309, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani. Pine yenye miaka zaidi ya kumi hatununui, hata kama meno yake ni mazima.

Na mtu asiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Ziba magurudumu, weka gogo nene la mti mgumu chini ya shasi, sukuma gari kwa mkono uone kama imetulia. Gogo halina bei. Kijana wetu ana bei.

Basi tunaomba nini? Hatuombi muongeze mchango. Tunaomba mambo manne, na mkutano uyapigie kura.

Moja: wanachama wawili kila wiki, kwa zamu, mwanaume au mwanamke, wawe na shofere kila asubuhi kabla gari haijawashwa. Maji, mafuta ya motere, mafuta ya freni, pine, taa, na kuangalia chini kama kuna tone. Ni robo saa.

Mbili: daftari moja likae ndani ya gari. Kila kilichoangaliwa, kila kilichonunuliwa, tarehe, kilometa, na saini mbili. Mekanisiye akisema filtre ilibadilishwa lini, tujibu kwa karatasi.

Tatu: piesi yoyote inayotolewa garaji irudi hapa, tuione kwa macho kabla ya kulipa mpya.

Nne: kwenye sanduku kuwe na kipande kidogo kilichotengwa kwa ajili ya vidanje, filtre na kuruwa, ambacho hakiguswi kwa jambo lingine. Kipande hicho kitoke kwenye pesa ya safari za kulipa, si kwenye mchango wa matanga.

Tujaribu miezi sita. Daftari tutalifungua hapa, mbele yenu. Kama itaonekana gari bado inatula, sisi wenyewe wa kikundi cha usafiri tutakuwa wa kwanza kusema iuzwe. Lakini tusiiuze kwa sababu ya kifuniko cha radiatere na maji ndani ya mazutu. Wengi wetu tulirudi na mabati machache na jembe, na vile vitu tulivitunza mpaka vikatutunza. Hii gari ni moja yao.

Kesho asubuhi saa kumi na mbili, mwenye kutaka kuona kwa macho aje uwanjani. Tutafungua kapo, na tutamwonyesha kila kitu tulichotaja hapa. Wamama waje pia. Mwaka huu wagonjwa wengi tuliowabeba usiku wamebebwa kwa ajili yao na watoto wao.