Kuanzia Mwisho: Uchaguzi wa Dansi kwa Darasa la Jioni la Dansi za Uskoti



Nimeombwa nizungumzie uchaguzi, nao ndio unaomtesa mwalimu wa dansi za Uskoti kuliko hatua zenyewe. Hatua si nyingi. Kwa rili na jigi, ambazo ni za kasi, mwanafunzi anahitaji hatua ya kusafiria, ya kuchezea papo hapo na ya kwenda ubavu. Kwa strathspei, dansi ya polepole iliyozaliwa Uskoti, anahitaji mbili tu. Dansi, hata hivyo, ni maelfu. Chama cha Royal Scottish Country Dance Society, kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1923 na Jean Milligan na Ysobel Stewart, kilitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1924 na hakijaacha kuchapisha; watunzi wengine nao wanazidi kuongeza. Mwenye saa mbili za jioni atafundisha nane hivi. Ataokota zipi?

Wengi wetu huokota tunazozipenda, na hapo ndipo darasa linapoharibika, kwa sababu mwalimu amezicheza kwa miaka na hasikii tena ugumu wake. Ushauri wangu ni kuanzia mwisho. Chagua dansi moja ambayo ungependa watu waondoke nayo, ivunje vipande, kisha tafuta dansi nyepesi zinazobeba vipande hivyo. Manju hufanya hivyo hivyo: wimbo wa kufungia ngoma anao moyoni kabla hajaanza.

Tuchukue Mairi's Wedding, iliyotungwa na James Cosh. Ni rili ya vipimo 40 vya muziki. Jozi inayoongoza inazungushana kwa mkono wa kulia, inashuka kwa nje ya mstari, inazungushana kwa wa kushoto, na kila mmoja anatokea akimtazama mtu wa pembe yake. Hapo zinaanza nusu rili nne za watu wanne, zote za mshazari, na viongozi wanapishana katikati kila mara. Zinafuata rili za watu watatu, yaani kupishana kwa njia ya tarakimu nane, kisha duara la watu sita kwenda na kurudi. Atakayeifundisha nzima kwa watu wasiojua pembe yao ni nani atatumia nusu saa kuwavuta watu mikono.

Sasa irudishe nyuma. Rili ya watu watatu na duara la sita vyote vimo ndani ya The Dashing White Sergeant, ambapo watatu huwakabili watatu kuzunguka ukumbi mzima. Ningeiweka ya kwanza karibu kila mara. Hakuna anayesimama kutazama, hakuna anayehitaji mwenzi (jambo kubwa katika madarasa ambayo wanawake ndio wengi), na kila mwisho wa raundi mistari inapitana, kwa hiyo kundi lililovurugika linakutana na lingine na kuanza upya. Baada yake iweke The Duke of Perth, iliyomo katika kile kitabu cha 1924. Vipimo vyake nane vya mwanzo ni vilevile vya Mairi's Wedding: kulia, kushuka, kushoto, pembe. Kisha mchezaji anazungushana na pembe, na mwenziwe, na pembe ya pili, na mwenziwe tena, mpaka mwili wenyewe ujue pembe iko wapi. Kitakachobaki cha kufundisha mwishoni ni mshazari peke yake.

Kati ya hizo lazima pumzi zishushwe, na desturi ni kupokezana jigi, rili na strathspei. Tahadhari: strathspei si mapumziko. Rili ya raundi nane za vipimo 32 huchukua dakika nne na nusu hivi. Strathspei ya urefu huohuo hukaribia mara mbili, na mguu unaokwenda polepole unabeba uzito muda mrefu zaidi. Kwa wenye magoti mabovu mimi huogopa zaidi dansi zenye kurukaruka mahali pamoja kuliko zile za kukimbia.

Kuna na majaribu ya hadithi. The Reel of the 51st Division ilitungwa na wafungwa wa kivita wa Kiskoti, Luteni Jimmy Atkinson akiwa mmoja wao, waliotekwa Ufaransa mwaka 1940 na kupelekwa Ujerumani. Wachezaji wake hujipanga kwa mshazari mmoja, halafu mwingine, na kuuchora msalaba wa Mtakatifu Andrea ulio katika bendera ya Uskoti. Nani asingetaka kuifundisha? Lakini mistari hiyo inataka watu wanaojua pembe zao na kufika kwa wakati, la sivyo msalaba hauonekani. Hadithi isimulie wiki hii, dansi yenyewe ingoje.

Mpangilio wa watu nao ni sehemu ya uchaguzi. Katika seti ya kawaida ya jozi nne, kwa dansi ya jozi tatu, kila jozi huongoza mara mbili, na kila raundi jozi moja husimama. Mgeni mweke ya nne. Ataongoza katika raundi ya saba na ya nane, baada ya kuyaona mambo mara sita. Zikibaki jozi tatu tu, tumia dansi za seti ya jozi tatu. Usimwombe mtu acheze na kiti.

Mwisho, hakikisha muziki unalingana. Rekodi nyingi ni za raundi nane za vipimo 32, yaani 256. Ukiichezea Mairi's Wedding rekodi hiyo, itatosha raundi sita na vipimo 16 juu yake. Jozi tatu zitakuwa zimeongoza mara mbili kila moja, na ya nne, ile ya wageni, itakatwa ikiwa ndiyo kwanza imemaliza mshazari wake wa pili.