Simu Mpya ya Chama Imo Mkononi mwa Nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mkaguzi wa vyama vya ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, Dodoma.)



Nilipoalikwa hapa niliombwa nizungumzie vitabu vya hesabu, kama ilivyo desturi yangu. Nimeomba ruhusa nibadili somo. Katika ziara zangu, kuanzia Bahi hadi Mpwapwa, nimekuta jambo moja likijirudia katika ofisi nyingi. Chama kimenunua simu janja kwa fedha za wanachama, nayo imeandikwa katika daftari la mali, lakini katibu anaitumia kupiga na kupokea tu, sawa na alivyokitumia kitochi chake cha zamani. Likija jambo jingine lolote, humwita mtu. Mara ni kijana wa duka la jirani, mara wakala, mara mjukuu aliye likizo. Huyo mtu anayeitwa ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Siwalaumu. Mimi mwenyewe, nilipopata simu ya kugusa kwa mara ya kwanza, sikujua kwamba kuipokea ni kuburuta kidole juu ya kioo. Nilibonyeza kama nilivyozoea. Simu ikaita hadi ikakatika, ikaita tena ikakatika, na aliyekuwa akinipigia ni mkubwa wangu wa kazi. Jioni ile binti yangu, wakati huo akiwa kidato cha pili, alinionyesha. Lakini alifanya jambo ambalo vijana wengi hawalifanyi: alinirudishia simu, akakaa pembeni, akaniacha nijaribu mwenyewe mpaka nikaweza. Laiti angenifanyia yeye, hadi leo ningekuwa namwita kila simu inapolia.

Simu hizi hatukununua kwa anasa. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013, inatumia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, tunaouita MUVU, na taarifa za chama huingizwa humo kwa mtandao. Mbolea ya ruzuku ilipoanza katika msimu wa 2022/2023, mkulima alipaswa kwanza kuandikishwa, na ujumbe wake ulimfikia kwa simu. Malipo nayo sasa hupita benki au katika simu. Kwa hiyo katibu asiyeijua simu yake amekwisha kumkabidhi mtu mwingine sehemu ya ukatibu wake, ingawa bodi haikumteua mtu huyo na wala hakuna kiapo alichokula.

Nitaeleza habari ya chama kimoja, ambacho sitakitaja. Katibu wake alikuwa mzee mwaminifu. Nilikagua vitabu vyake miaka kadhaa mfululizo, na hesabu zilifungana hadi shilingi ya mwisho. Bodi ilimpa fedha akanunue simu mjini. Muuzaji, kijana mwenye adabu, aliiwasha pale pale dukani. Simu ikauliza akaunti ya barua pepe. Mzee hakuwa nayo, na basi lilikuwa linakaribia kuondoka. Kijana akasema, "Mzee wangu, usihangaike, nakuwekea ya kwangu ili tusicheleweshe." Akaweka na mchoro wa kufungulia, akamwonyesha, mzee akashukuru akaenda zake.

Msimu ulipoanza, katibu aliingiza humo majina na namba za simu za wanachama zaidi ya mia mbili. Alipiga picha za stakabadhi za alizeti. Alikuwa anafanya kazi nzuri, na mimi nilimsifu mbele ya bodi yake. Kumbe simu ile ilikuwa ikihifadhi nakala ya majina na picha zote katika akaunti ya yule kijana, kwa sababu ndivyo ilivyoelekezwa siku ya kwanza.

Kisha mtoto mmoja wa nyumbani aliichezea simu akabadilisha mchoro, asikumbuke aliouweka. Ikapelekwa kwa fundi, naye akafuta kila kitu ili aifungue. Simu ilipowaka upya ilidai jambo moja tu: akaunti ya barua pepe iliyokuwamo mwanzo pamoja na nywila yake. Simu nyingi za leo zimetengenezwa hivyo makusudi, ili mwizi asinufaike kwa kuzifuta. Kijana wa duka alikuwa amekwisha kuhama, na namba yake haikupatikana. Mali ya chama ikawa kipande cha kioo mezani.

Hayo yangekuwa hasara ya simu moja. Baada ya muda mfupi baadhi ya wanachama walianza kupokea ujumbe ambao ninyi nyote mnaufahamu, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Safari hii ujumbe uliwaita kwa majina yao, na ulitaja jina la chama. Sisemi kwamba kijana yule ndiye aliyeutuma. Sina ushahidi, na mkaguzi hasemi asilo na ushahidi nalo. Nasema tu kwamba orodha ya wanachama ilikuwa mahali ambapo chama hakingeweza kuifikia wala kuifuta. Mama mmoja, mkulima wa zabibu, alituma fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya salfa ya kupulizia shamba lake. Alidhani ni mchango wa chama. Hazikurudi, na msimu ule ubwiri uliingia katika mizabibu yake.

Nilikuwapo katika kikao cha bodi kilichofuata. Mzee alisimama akasema, "Ndugu zangu, mimi sikuiba." Hakuna aliyesema ameiba. Lakini hakuna pia aliyeweza kusema kwamba alikuwa ameitunza mali ya chama. Alijiuzulu kabla ya mkutano mkuu. Chama kikampoteza katibu ambaye sijaona mfano wake katika kuandika leja.

Ndugu makatibu, nimelifikiria sana jambo lile, na naona kosa lilianza katika neno moja. Tunasema "simu" huku tukiwa na maana ya vitu vitatu: kifaa chenyewe, laini iliyomo ndani yake, na akaunti inayohifadhi nakala ya yaliyomo. Kila kimoja kina kufuli yake na kinaweza kupotea peke yake.

Kifaa kina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, nayo huonekana ukibonyeza *#06#. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Mtakumbuka kwamba mwezi Juni mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba hizo. Katika madaftari ya mali niliyoyakagua, mara nyingi nimekuta maneno "simu 1, nyeusi." Simu nyeusi ziko maelfu Dodoma. Ikiibwa, utawaambia nini polisi? Andikeni namba ile katika daftari, pamoja na namba ya risiti ya dukani.

Laini ni jambo la pili. Tangu usajili wa alama za vidole ulioanza mwaka 2019, kila laini ina mwenyewe kwa namba yake ya kitambulisho cha Taifa. Bonyezeni *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa jina lenu. Yuko katibu aliyekuta asiyoijua. Lakini swali langu kwa bodi ni jingine: namba iliyoandikwa kwenye mhuri wa chama na kwenye kibao cha ofisi imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni kwa jina la katibu mwenyewe, siku atakapoondoka, au Mungu akimchukua, namba inaondoka naye, na pia kila ujumbe wa benki unaotumwa kwenye namba hiyo. Taasisi nayo huweza kusajiliwa laini kwa jina lake. Pelekeni hati ya usajili wa chama na muhtasari wa kikao uliomteua mhusika, mwulize mtoa huduma wenu ni nyaraka gani nyingine anazohitaji. Na fedha za chama zisikae katika simu ya katibu hata usiku mmoja. Hilo ni suala la hesabu, nitalisema siku nyingine, na kwa ukali zaidi.

Laini inaweza pia kuwekewa namba ya siri yake yenyewe, ili mwizi akiitoa na kuitia katika simu nyingine isifanye kazi. Wachache sana wanalijua hili. Ila mwangalifu: ukikosea mara tatu laini hujifunga, na kuifungua kunahitaji namba ndefu iliyochapwa kwenye kadi ile iliyokuja na laini. Kadi hiyo wengi wetu tuliitupa njiani kabla hatujafika stendi.

Cha tatu ni akaunti. Wazee waliokuwapo wanakumbuka kasha la chuma lenye funguo mbili, mmoja kwa mwenyekiti na mwingine kwa mtunza fedha. Akaunti ya barua pepe ya simu ya chama iwe ya chama, ifunguliwe na katibu kwa vidole vyake mbele ya mwenyekiti. Nywila iandikwe, itiwe katika bahasha, bahasha isainiwe juu ya gundi na watu wawili, iingie kasha lilelile. Siku katibu anapokabidhi ofisi, bahasha inafunguliwa na nywila inabadilishwa. Tena kumbukeni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu kila anayeshika taarifa za watu, na orodha yenu ya wanachama ni taarifa za watu.

Sasa niseme kwa nini makatibu huwapa wengine simu zao, maana nilikuwa nikidhani ni uvivu. Katika chama kimoja wilayani Kongwa nilimkuta mama katibu akimtajia wakala namba yake ya siri kwa sauti, watu wamepanga foleni nyuma yake. Tulipotoka nje nikamwuliza. Akanijibu, "Mwanangu, mimi sioni. Maandishi yale ni kama sisimizi." Nikaona aibu kwa hotuba zote nilizokwisha kuzitoa juu ya usiri. Tukakaa chini ya mbuyu, nikamwonyesha alama ya gurudumu lenye meno, ambayo ndiyo mipangilio, kisha sehemu ya kioo, kisha ukubwa wa maandishi. Akasogeza kidole mwenyewe, herufi zikakua. Tukaenda sehemu ya lugha, akachagua Kiswahili. Tukaongeza mwangaza, kwa sababu jua letu la saa saba hukifanya kioo kuwa cheusi. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Akafungua ujumbe wa muamala aliotoka kuufanya, akausoma mwanzo hadi mwisho, na akagundua makato ambayo alikuwa hajawahi kuyaona.

Kamera nayo ina kazi kubwa kuliko picha za harusi. Katika mizani, pigeni picha ya kipimo na gunia likiwa juu yake, mkulima amesimama kando. Saa na tarehe za simu zikiwa sahihi, picha hutunza wakati ilipopigwa. Msimu mmoja picha ya namna hiyo ilimaliza ugomvi wa magunia ya ufuta ambao ungeishia barazani. Hata hivyo mimi sikubali picha mahali pa stakabadhi. Picha ni shahidi. Kitabu bado ni kitabu, chenye nakala na saini.

Wako wanachama wasiosoma. Simu yaweza kurekodi sauti na kuituma, hivyo mzee wa Mvumi aweza kuelezwa bei ya leo kwa Kigogo, na mwenzake wa Kondoa kwa Kirangi, bila kumtafuta msomaji. Tangazo la mkutano mkuu bado libandikwe kama masharti ya chama yanavyotaka.

Juu ya bando sitasema mengi. Nimekuta hati za malipo ya bando zikifuatana kila baada ya siku mbili, na chanzo kilikuwa video za makundi zinazojipakua zenyewe usiku. Zimeni upakuaji huo. Na ujumbe wa matapeli, kabla ya kuufuta, upelekeni kwenye namba 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Ndugu Mwenyekiti, saa moja iliyobaki naomba tuitumie kwa vitendo. Kila katibu aweke simu ya chama mezani, na daftari la mali pembeni yake. Vijana mliokuja na wazee wenu mnakaribishwa kukaa nyuma yao na kueleza kwa maneno, ila mikono yenu ibaki mifukoni. Tunaanza na namba ya kifaa. Bonyezeni nyota, reli, sifuri, sita, reli. Asiyeona vizuri aseme sasa, tumwanzishe kwa ukubwa wa maandishi.