Mashine ya Kukatia Nyasi Iliyokwisha Kutumika: Kabla na Baada ya Kuinunua



Miongoni mwa malalamiko yaliyofika mezani petu, lipo moja lililotufundisha mengi. Kamati ya uwanja wa michezo ilichanga fedha ikanunua, kwa mfanyabiashara wa mitumba kutoka ng'ambo, mashine ya kukatia nyasi ya kupanda, ya aina ile isiyo na usukani: dereva huiongoza kwa mikono miwili ya chuma, nayo hugeuka palepale ilipo, kama mtu azungukaye juu ya kisigino. Kwa muuzaji ilikwenda vizuri mno. Uwanjani, baada ya nusu saa, ilichoka kila ilipopanda mwinuko, na hatimaye ikagoma. Stakabadhi ilikuwa na maneno mawili: "Mashine moja."

Kosa halikuwa la injini. Kila gurudumu la nyuma huendeshwa na pampu na mota yake ya haidroliki. Pampu iliyolika hujitahidi wakati oili ingali baridi na nzito. Oili ikipata moto ikawa nyepesi, huvuja ndani kwa ndani na nguvu hupotea. Kwa hiyo jaribio la dakika tano halithibitishi kitu. Ombeni kuiendesha nusu saa nzima, kisha mwielekeze kwenye mwinuko mdogo, mkitazama kama inavuta upande mmoja. Muuzaji akikataa, mmekwisha kujibiwa.

Jaribio la pili ni la usalama, na hapa hatuna mzaha. Mashine ikiwa mahali tambarare, visu vikizunguka, watu wakiwa mbali, dereva ajiinue kidogo kitini bila kushuka. Injini haina budi kuzimika na visu kusimama. Isipozimika, huenda mtu ameunganisha nyaya za swichi ya kiti ili kukwepa gharama ya swichi mpya, na anayeanguka kutoka kwenye mashine ya namna hiyo huvikuta visu vingali kazini. Msiinunue kabla haijatengenezwa. Mita ya saa za kazi isomeni, lakini msiiamini peke yake, maana hubadilishwa. Linganisheni na kuchakaa kwa kiti na kutu ya kasha la visu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo yake. Lakini katika suala la ubora, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipasa kuifichua. Basi ukaguzi wa juujuu waweza kuwadhuru kuliko kutokagua kabisa. Stakabadhi itaje namba ya mashine, namba ya injini, saa zilizosomwa na kila ahadi mliyopewa kwa mdomo. Namba hizo zitawafaa pia mnapoulizia mikanda na machujio. Yaulizieni kabla ya kulipa.

Katika matunzo, kitabu cha mtengenezaji ndicho kiongozi. Penye vumbi jingi, chujio la hewa na oili ya injini huhitaji kuangaliwa mapema kuliko kilivyoandika. Visu huharibu zaidi ya tunavyodhani: kisu kilichonolewa upande mmoja kuliko mwingine hutikisika na kuua beringi. Kitundikeni kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, unoeni tena. Kabla ya kugusa visu, chomoeni waya wa plugi, na asiingie mtu chini ya mashine iliyoinuliwa kwa jeki pekee.

Kuhusu kamati ile, tuliwakutanisha pande zote mbili. Muuzaji alikana kwamba aliahidi lolote, na stakabadhi haikuwa na la kumpinga. Baada ya vikao viwili alikubali kulipia pampu moja. Ya pili kamati imeinunua yenyewe, kwa mchango mwingine.