Ng'ombe Anakufa Tumbo Limejaa: Kwa Nini?

Maelezo kwa wafugaji, siku ya kuogesha mifugo

Leo sizungumzii kupe, hao mmeshawamaliza joshoni asubuhi. Nazungumzia tumbo, kwa sababu kiangazi kinaingia, na kila kiangazi wapo ng'ombe wanaokufa matumbo yamejaa majani.

Mnapochinja mnaliona lile tumbo kubwa la upande wa kushoto. Ukilipasua, majani yaliyomo ni ya moto, yamelowa na yana harufu ya uchachu. La ng'ombe wa kisasa hubeba lita 100 na zaidi. La zebu wetu ni dogo kidogo, ila kazi ni ile ile.

Ng'ombe mwenyewe hawezi kuyeyusha nyuzi za nyasi, kama mimi na wewe tusivyoweza. Wanaofanya kazi hiyo ni vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao tone moja la maji ya tumbo hilo lina mamilioni yao. Kuna kuvu wanaopenya bua gumu na kulipasua, kuna bakteria wanaong'ang'ania nyuzi na kuzichachusha. Akina mama wanalijua jambo hili kwenye kibuyu: maziwa hugandishwa na kile kilichobaki ndani, si na kibuyu chenyewe. Uchachu unaotokana na nyasi hupita kwenye ukuta wa tumbo na kuingia katika damu, na hiyo ndiyo nguvu ya ng'ombe, ndiyo pia mafuta ya maziwa. Gesi hutoka kwa mbweu. Halafu vijidudu wenyewe husukumwa kwenda matumbo ya mbele, na huko humeng'enywa wakawa protini ya ng'ombe. Kwa hiyo anayelisha ng'ombe analisha vijidudu kwanza.

Sasa kiangazi. Nyasi iliyokauka imesimama ina nyuzi tele, lakini protini yake ni kidogo. Ikishuka chini ya sehemu 7 katika 100, vijidudu hudhoofika na kupungua. Nyasi inakaa tumboni haisagiki, ng'ombe haoni hamu ya kula nyingine, na anakonda tumbo likiwa limejaa. Kumwongezea mabua matupu hakusaidii sana.

Anachohitaji ni protini kidogo juu ya nyasi hiyo kavu. Mashudu ya alizeti au ya pamba, nusu kilo hadi kilo moja kwa siku, yanatosha kuamsha tumbo. Asiye na fedha aokote matunda ya migunga, lakini ayatwange, maana mbegu zake ngumu nyingi hupita na kutoka nzima kwenye mavi. Majani makavu ya kunde na maharage nayo ni mazuri kuliko mabua ya mahindi. Na alalili, au ngitili kama wanavyoita Wasukuma, isiguswe mapema. Wazee waliiweka kwa sababu nzuri. Maji pia: vijidudu wanaishi ndani ya maji, na ng'ombe asiyekunywa hali.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Njaa ikizidi, watu hununua gunia la mahindi na kumwagia ng'ombe waliochoka. Ni huruma, lakini inaua. Vijidudu wa tumbo hilo wamezoea nyasi. Mahindi yakiingia kwa wingi ghafla, wale wanaopenda wanga huzaliana kwa saa chache, asidi inapanda, na wengine wote wanakufa. Ng'ombe anaacha kucheua, anayumba kama mlevi, anaharisha uharo wenye harufu chachu, kisha analala na anaweza asiamke tena. Mahindi au pumba zianzwe kwa kiganja, baada ya kula nyasi, na kuongezwa polepole kwa wiki mbili. Gunia lifungwe ndani, si pembeni mwa boma.

Jambo lingine ni dawa za unga za kuku, za kuua vijidudu vya magonjwa. Wapo wanaozikoroga na kumnywesha ng'ombe. Dawa hiyo haichagui. Inaua na wale wanaosaga nyasi. Ng'ombe mkubwa akihitaji dawa ya namna hiyo, kwa kawaida huchomwa sindano.

Ndama ni tofauti. Tumbo lake kubwa bado halijaanza kazi, na maziwa hulipita. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mpeni nyasi laini, naye awe karibu na wakubwa ili apate vijidudu wao.

Usiku mkipita bomani, waangalieni waliolala. Wengi wanatakiwa wawe wanacheua. Asiyecheua mtengeni na wenzake, mwondoleeni nafaka, mpeni nyasi kavu, na mniite usiku huo huo. Msingoje asubuhi.