DHAMANA NI AHADI
Dereva akikamatwa kwa ulevi, afanye nini?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa madereva, makondakta na mautingo wa tawi letu)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme machache juu ya dhamana, yaani namna mtu aliyekamatwa anavyoweza kukaa nje akingoja kesi yake. Tumechagua kosa moja tu, la kuendesha gari hali umelewa, kwa sababu katika kazi yetu kosa hilo laweza kumwondolea mtu kwa usiku mmoja uhuru wake, leseni yake na riziki ya watoto wake.

Kwanza tuseme wazi. Hatukuja hapa kutetea ulevi. Dereva mlevi ni hatari kwa abiria, kwa utingo aliyeketi kando yake, na kwa mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni. Sheria ya Trafiki, kifungu 44, yasema kwamba mtu anayeendesha gari au aliye na gari mikononi mwake barabarani, naye amelewa hata hawezi kulitawala sawasawa, aweza kutozwa faini isiyozidi Sh. 100,000/-, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka miwili, au yote mawili. Tena akipatikana na hatia hunyang'anywa haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12, isipokuwa mahakama ione sababu ya pekee. Kwa mtu mwingine leseni ni karatasi. Kwetu sisi leseni ni jembe.

Lakini Katiba ya mwaka 2010 yasema pia kwamba mtu aliyeshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka mahakama imwone na hatia. Kati ya siku ya kukamatwa na siku ya hukumu kuna njia ndefu, na dhamana ndiyo inayomwezesha mtu kuipita njia hiyo akiwa nyumbani kwake na kazini kwake.

DHAMANA SI FAINI

Wengi wetu huchanganya mambo haya mawili. Faini ni adhabu. Hulipwa baada ya hatia, nayo hairudi. Dhamana ni ahadi. Mshtakiwa aahidi kwamba siku atakayoitwa atafika, na pesa au mali huwekwa kama rehani ya ahadi hiyo. Akifika kila siku aliyoamriwa mpaka kesi imalizike, pesa yake hurudishwa, hata kama ameshindwa katika kesi. Asipofika, pesa yaweza kuchukuliwa na serikali, na hati ya kumkamata hutolewa.

Kwa hivyo mtu asiseme, "Nimelipa dhamana, kesi imekwisha." Kesi haijaanza. Wako wanaoweka pesa, wakarudi kazini, wakasahau tarehe. Hao hupoteza pesa na uhuru pamoja.

KITUONI

Ukikamatwa, Katiba, ibara ya 49, yakupa haki ya kuambiwa upesi, kwa lugha unayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwako. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuzungumza na wakili, na watu wengine ambao msaada wao wahitajika. Huwezi kulazimishwa kuungama. Basi usipigane na askari, wala usitoe hotuba. Sema jina lako, sema makao yako, omba kwa heshima kuwapigia simu watu wa nyumbani na mwakilishi wetu. Mtu aliyelewa akianza kubishana hujiongezea mashtaka.

Ibara hiyo hiyo yasema kwamba sharti ufikishwe mahakamani upesi iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24 tangu kukamatwa. Lakini sikieni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Kama saa hizo 24 zaishia wakati mahakama imefungwa, au siku isiyo ya mahakama, basi muda huo husogea mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Tuseme dereva amekamatwa Alhamisi kabla ya Pasaka, saa nne usiku. Saa zake 24 zaisha Ijumaa Kuu usiku, nayo ni sikukuu. Jumamosi na Jumapili si siku za mahakama. Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu tena. Basi polisi wanaweza kumfikisha mahakamani Jumanne, na sheria haijavunjwa. Mtu huyo amelala kituoni mara tano.

Ndiyo sababu yafaa kujua dhamana ya polisi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, yampa mkuu wa kituo uwezo wa kumwachilia mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kuandika ahadi ya kufika mahakamani, akiwa na wadhamini au bila wadhamini. Makosa yanayotolewa nje ya kanuni hiyo ni kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia nguvu. Ulevi wa barabarani haumo katika orodha hiyo. Basi mwakilishi au ndugu akifika kituoni amwone mkuu wa kituo, aulize mambo matatu: Mtu wetu ameshtakiwa nini? Ameandikwa kwa namba gani katika kitabu cha matukio, kile watu wanachokiita OB? Je, aweza kupewa dhamana, na kwa masharti gani? Si ajabu kuambiwa mngoje mpaka pombe imtoke. Ngojeni, kisha mwulize tena.

Mkuu wa kituo akitaka ahadi ya maandishi tu, hakuna pesa ya kulipa. Akitaka pesa taslimu, mwenye kuweka pesa adai risiti yenye jina lake, kiasi alichoweka, na tarehe ya kufika mahakamani. Ndugu, shikeni neno hili: pesa isiyo na risiti si dhamana. Ni pesa iliyopotea, na aliyeitoa amefanya kosa jingine pamoja na yule aliyeipokea.

MAHAKAMANI

Asipopewa dhamana kituoni, ataiomba mbele ya hakimu. Hapa kuna mtego mmoja. Mtu amelala seli siku tatu au nne. Nguo zimechafuka, simu imezimika, mkewe hajui alipo. Asomewapo mashtaka huwaza nyumbani tu. Mtu kando yake amnong'oneza, "Kubali tu, utoe faini, uende zako." Naye akubali kosa ambalo pengine angeweza kulijibu. Kweli hulipa faini na kwenda zake, lakini leseni yake imekwenda miezi 12. Amenunua jioni moja kwa kazi ya mwaka mzima.

Hatusemi mtu aseme uongo mbele ya hakimu. Aliyefanya kosa na akajua amelifanya, kukubali ni hiari yake, bora akubali akijua gharama yake. Tunalosema ni hili: asikubali kwa sababu ya kutaka kutoka tu. Aweza kukana mashtaka, akaomba dhamana, akaenda nyumbani, akatafuta wakili. Ibara ya 49 yampa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya haki akingoja kesi, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia.

Wengine hutaja kanuni kwamba mtu hawezi kuwekwa rumande kwa kosa lenye adhabu ya faini tu, au ya kifungo kisichozidi miezi sita. Kanuni hiyo iko katika Katiba, lakini haitufai hapa, kwa kuwa kosa la kifungu 44 lina kifungo cha hata miaka miwili. Kwa hivyo tusiende mahakamani na hoja hiyo. Twende na hoja zinazokubalika.

Hoja hizo ni zipi? Hakimu hutaka kujua kama mtu huyu atarudi. Hutazama uzito wa shtaka, tabia yake, uhusiano wake na watu wa mahali anapokaa, na kama zamani alipopewa dhamana aliitimiza. Basi mshtakiwa aseme mahali anapokaa, ana jamaa gani, amefanya kazi wapi na kwa muda gani. Barua ya kazini, hati ya mshahara na barua ya chama kwamba ni mwanachama ajulikanaye, vyote hivi vyafaa. Sheria yasema pia kwamba kiasi cha dhamana kiangaliwe kwa mujibu wa hali ya kesi, wala kisiwe kikubwa kupita kiasi. Kikiwa kikubwa mno, mshtakiwa asinyamaze. Amwambie hakimu kiasi anachoweza. Na Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza dhamana iliyowekwa na mahakama ya chini au na polisi.

Jambo jingine: dhamana ya mtu si dhamana ya gari. Dereva aweza kutoka na lori la tajiri likabaki kituoni. Kulitoa gari ni shauri la mwenyewe, na dereva asichange pesa za dhamana yake katika jambo hilo.

MDHAMINI

Hakimu aweza kutaka pesa taslimu, au ahadi ya mshtakiwa mwenyewe, au mdhamini. Mdhamini ni mtu anayesimama mbele ya mahakama akasema, "Huyu nitamleta." Huja na kitambulisho chake na hati ya kuonyesha ana mali ya kutosha, kama hati ya shamba, kitabu cha gari au hati ya mshahara. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini huitwa aeleze kwa nini asilipe kiasi alichoahidi.

Basi msimdhamini mtu kwa haya. Mdhamini yule mnayemjua nyumba yake na simu yake. Na kama umemdhamini mtu ukaona ameanza kukukwepa, usingoje atoroke. Sheria yakuruhusu kuiomba mahakama ikuondolee mzigo huo, naye aitwe atafute mwingine.

SIKU KUMI NA NNE

Sasa twafika kwenye jambo ambalo halmashauri ilitaka hasa lisemwe. Tazameni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Nayo ina kifungu 44, lakini msichanganye na kile cha trafiki. Kifungu hiki chahesabu makosa makubwa yanayoweza kumfanya tajiri amfukuze mtu kazi mara moja. Moja ni kulewa wakati wa kazi hata mtu asiweze kufanya kazi yake. Jingine ni hili: mfanyakazi akikamatwa kwa haki kwa kosa ambalo polisi waweza kumkamata mtu bila hati, nalo lina adhabu ya kifungo, na asiachiliwe kwa dhamana au kwa njia nyingine ya halali katika muda wa siku 14.

Mmesikia, ndugu? Mtu aweza kukosa kazi kabla kesi yake haijasikilizwa, si kwa sababu ameonekana na hatia, bali kwa sababu alikaa rumande siku ya kumi na tano akikosa mdhamini. Na pengine mdhamini alikuwapo hapa hapa katika tawi, ila hakuna aliyemwambia.

Kama dereva alikamatwa akiwa kazini, dhamana peke yake haitazuia tajiri kumshtaki kwa ulevi kazini. Lakini hata hapo kifungu 41 cha sheria hiyo chasema tajiri sharti amweleze mfanyakazi sababu kwa lugha anayoifahamu, na amsikilize pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Mtu aliyeko nje kwa dhamana aweza kuja kujitetea katika kikao hicho. Mtu aliyeko rumande atajiteteaje?

TUFANYE NINI

Tawi letu laweza kufanya mambo haya bila kungoja makao makuu. Kwanza, kila dereva abebe karatasi yenye simu ya mtu wa nyumbani na ya mwakilishi wetu, maana simu ya mkononi huchukuliwa kituoni au huzimika. Pili, pawe na orodha ya wanachama walio tayari kuwa wadhamini, nao wawe wamekwisha kuelewa mzigo wake. Tatu, katibu aandike katika daftari siku mwenzetu aliyokamatwa, na ahesabu siku hizo 14 yeye mwenyewe. Nne, risiti ya dhamana itunzwe, na kesi ikiisha aliyeweka pesa aende akaidai. Pesa hiyo ni yake. Tano, pesa ya chama isitolewe kwa dhamana ila kwa shauri la halmashauri, nayo iandikwe kitabuni.

Na la sita ni rahisi kuliko yote: ukinywa, mpe mwenzako funguo. Dhamana njema kupita zote ni ile isiyohitajiwa.

 Mwenye swali na asimame aulize.