Ibada Haiishi Jumapili

(Maongezi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Kina mama, kina baba na vijana, nimeombwa niongee juu ya ibada. Pengine mlitegemea padri au katekista. Mimi ni mfanyakazi wa jamii tu. Kazi yangu ni madaftari ya hesabu, matangi ya maji na mbuzi wa maziwa. Lakini naona hata huko kuna ibada, ndiyo maana nikakubali.

Wacha nianze na gorogoro. Sote tunaijua. Ikijaa mahindi, ni kama kilo 2. Tunajua pia ile iliyogongwa chini mpaka ikaingia ndani. Ukiitazama juu imejaa, ukifika nyumbani chakula hakitoshi. Sasa, mwenye gorogoro hiyo akiimba Jumapili kwa sauti nzuri kutuzidi sote, Mungu anasikia nini?

Swali hili ni la zamani. Nabii Amosi alilileta zaidi ya miaka 2,700 iliyopita. Hakuwa kuhani. Alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, katika Yuda. Mungu alimtuma kaskazini, Israeli, wakati wa mfalme Yeroboamu wa Pili, watu walipojaa mahali pa ibada pale Betheli. Someni sura ya 8. Wafanyabiashara waliishika Sabato, lakini mioyoni walingoja iishe wakauze nafaka kwa kipimo kidogo na mizani ya uongo, na makapi wakiyauza pamoja na ngano. Katika sura ya 5 Mungu anasema amechoshwa na sikukuu na nyimbo zao. Anataka haki isiyokatika, kama mto unaopita mwaka mzima.

Angalieni, watu hao hawakukosa kwenda kusali. Kosa lao ni kwamba walimwacha Mungu huko huko, wakaenda sokoni peke yao. Kumcha Mungu ni kujua kwamba yupo pia pale tunapopima na tunapohesabu.

Nisinyoshee wengine kidole. Miaka ya nyuma nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha kina mama. Tulichanga kila wiki, na zamu ikafika ya mjane mmoja aliyetaka kununua mabati. Wakati huo mtoto wangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nikachukua zile pesa. Ati sikuiba, niliazima. Mama yule alipouliza, nikamwambia wengine hawajalipa.

Jumapili iliyofuata zamu ya kusoma somo ilikuwa yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Niliposimama nikamwona kwenye benchi la tatu na watoto wake, na nilijua walivyolala.

Jioni nilikwenda kwake nikasema ukweli. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Dada, na ile sala unayotufungulia nayo mkutano, huwa unamwambia nani?" Sikuwa na jibu. Niliuza ndama, nikalipa, nikakiri mbele ya kikundi na kuacha kazi ya uweka hazina. Yesu katika Mathayo 5 anatuambia tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu yetu. Siku hiyo nilielewa kwa nini.

Kwa hivyo, ndugu zangu, nawaomba haya. Pesa zihesabiwe mbele ya wote. Daftari lisomwe kila mkutano. Mtu mmoja asikae na sanduku na ufunguo pia. Hii si kukosa kuaminiana. Ni kumsaidia mwenzako asianguke kama mimi. Na gorogoro ya kikundi ikaguliwe chini, si juu tu. Tukifanya hivyo kwa ajili ya Mungu, hiyo nayo ni ibada. Tukifika kanisani Jumapili, tutakuwa na kitu cha kumtolea.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Ni wapi katika kazi za kikundi chetu tunamsahau Mungu?
2. Je, mwanachama akitaka kuona daftari letu leo, ataonyeshwa?
3. Kuna mwenzetu ambaye tunapaswa kupatana naye kabla ya Jumapili?