Vidonge Vimtangulie Mgonjwa

Ipo saratani ya damu ambayo zamani iliwakatisha tamaa hata madaktari bingwa: lukemia kali ya promielosaiti. Ni adimu, na wengi wanaougua ni watu wazima. Chembe changa za damu hugoma kukomaa, damu haigandi, na mtu aliyefika hospitali kwa sababu fizi zinatoka damu anaweza kuvujia damu kichwani na kufariki baada ya siku chache.

Tiba ilianzia China. Huko Harbin, miaka ya 1970, Zhang Tingdong na wenzake walitumia arseniki, ndiyo, ile sumu. Mwaka 1985 mjini Shanghai, Wang Zhenyi alimpa mtoto wa miaka 5 asidi ya retinoiki, jamaa ya vitamini A, naye akapona. Asidi hiyo huzisukuma chembe zikomae.

Je, dawa hizo mbili zikitolewa pamoja, kemo, yaani tibakemikali iliyozoeleka, inaweza kuachwa? Watafiti wa Italia na Ujerumani waliamua kupima. Kwa kuwa hospitali moja isingepata wagonjwa wa kutosha, makumi ya hospitali ziliungana. Watu wazima ambao ugonjwa wao haukuwa wa hatari kubwa waligawanywa kwa kura: wengine asidi na arseniki, wengine asidi na kemo.

Nawafikiria sana wagonjwa wale. Mtu anavuja damu, anaambiwa huenda asipewe kemo iliyozoeleka, naye anatia saini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: baada ya miaka 2, asilimia 97 ya waliopewa arseniki walikuwa hai na ugonjwa haujarudi, upande wa kemo, asilimia 86. Arseniki inaweza kudhuru moyo na ini, kwa hiyo vipimo ni vya lazima.

Shirika la Afya Duniani liliiingiza asidi hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na arseniki 2019. Wataalamu wanataka vidonge vya asidi vianze kutolewa mara tu daktari anaposhuku ugonjwa huu, kabla ya majibu ya kipimo cha vinasaba. Hilo haliwezekani ikiwa dawa inaagizwa mgonjwa akiwa tayari kitandani. Naziomba hospitali zetu za rufaa ziweke dozi chache stoo leo, hata kama zitapitwa na muda bila kuguswa.